Machicha ya Mchele Kwenye Kabati la Boila

Kilichoniudhi kwanza ni mikono yake.

Tulikuwa jikoni kwangu, Walthamstow, tunakunywa chai ya saa kumi, shoga yangu akanyoosha mkono kuchukua kipande cha mkate wa kumimina. Nikauona. Mwanamke aliyepita hamsini, aliyesafisha maofisi ya watu London nzima, na mkono wake laini kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Nikautazama wangu, ulioshika birika. Ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole, kavu, imepauka, maana nyumba ya wazee ninayofanya kazi inatutaka tunawe na kupaka dawa ya kuua vijidudu kila tunapotoka chumba kimoja kuingia kingine. Nikaweka birika chini na mkono nikaurudisha mapajani.

"Unapaka nini siku hizi?" nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Akacheka. Ndiyo tabia yake, anacheka kabla ya kujibu, na mie siku hiyo kicheko kilinichoma. "Sipakaka kitu, dada. Ni ile kazi tu."

Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mie mtoto wa Unguja. Tulijuana miaka mingi nyuma, tukisafisha jengo moja alfajiri kabla wenye ofisi hawajafika. Nilikuwa nalitukana deki langu kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa, nikasikia mtu anaangua kicheko nyuma yangu. Tangu siku ile tukawa mashoga. Yeye Jumapili kanisani kwao Lewisham, mie na swala zangu, na hatukuwahi kugombana hata mara moja. Mimi namtania kwa ile "nafanyaka" na "nasemaka" yao, yeye anatania jinsi ninavyojivuta nikiongea, ati kama niliyeshiba.

Baadaye mie nikaenda kutunza wazee, yeye akapata kazi karibu na kwake, kwenye karakana ndogo chini ya matao ya reli. Wanatengeneza sake, pombe ya mchele ya Kijapani. Kazi yake kuosha mchele na kusafisha vyombo. Alinieleza yote, na mie nilisikiliza huku nikijifanya sisikilizi. Mchele unaoshwa, unapikwa kwa mvuke, unanyunyiziwa ukungu maalumu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate, unatiwa hamira na maji, unaachwa wiki kadhaa uchachuke. Kisha unatiwa ndani ya mifuko ya kitambaa na kukamuliwa. Maji ndiyo sake. Kinachobaki kwenye kitambaa ni machicha, kama ya nazi ukishakamua tui, ila haya yana hamira ndani na yananukia tunda lililoiva kupita kiasi. Yeye ndiye anayeyabandua kwa mikono yake, asubuhi mpaka mchana. Ndiyo maana mikono ikawa vile.

Na shoga yangu si mtu wa kuacha kitu kiende bure. Wenye karakana walimruhusu achukue machicha atakayo. Akaanza kuyapeleka nyumbani na kuyafanyia majaribio. Anayalainisha kwa maji kidogo, anayatia kwenye moto mdogo, anakoroga taratibu mpaka ule ukali wa pombe unatoka wote kwa mvuke, anachuja, anatia asali. Anapaka uso, anakaa dakika kumi, ananawa. Kwa miguu anayafunga ndani ya kitambaa chepesi, anakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, anajisugua nacho visigino. Na sake iliyobaki kwenye chupa zilizoonjwa anaichanganya na maji ya waridi na gliserini, anajipaka baada ya kunawa. Hiyo ya mwisho ni yake peke yake, hajawahi kunipa, anaijua dini yangu.

Siku ile akaniachia kopo moja la machicha yaliyokwisha kupikwa. "Pakaa mikono, dada. Wiki moja tu utaona."

Nikamshukuru, nikambusu, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nilipofunga mlango nikalibeba kopo nikalitia kwenye pipa la taka, na gazeti nikalifunika juu.

Sasa hapo mtu ataniuliza, kwani wewe kinachokuuma nini? Umeletewa kitu kizuri, kipake. Nami nitajibu. Singo, ule mchanganyiko wa manukato anaosuguliwa bibi harusi mwili mzima.

Mie ndiye mtwangaji singo wa Waunguja wengi wa upande huu wa mji. Bibi harusi wa kwetu akipita ukumbini watu wakageuza shingo kwa harufu, uliza nani kamtwangia. Liwa ya msandali, dalia ya njano, waridi kavu, asumini, rihani, maji ya marashi, vyote navijua kwa kidole na pua, sina kipimo wala karatasi. Nilirithi kwa mamangu. Na katika mji huu ambao nimeinua wazee wa watu, nimewabadilisha nguo, nimewalisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza najua nini, hicho ndicho kitu changu. Halafu anatokea mtu na machicha ya pombe, ngozi yake inang'aa kuliko yangu. Haki ya Mungu iliniuma.

Lakini ningevumilia, ningejikaza kisabuni, kama ingeishia kwenye mikono. Haikuishia hapo. Iliingia mpaka kwa mwanangu.

Binti yangu ni mmoja tu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alipokuwa mdogo kabisa, kila nikimtoa bafuni nilimpaka mafuta ya nazi niliyotia asumini, na yeye alikurupuka na taulo lake, anazunguka sebule nzima, anarudi kwangu mbio, ananigeuzia shingo: "Mama, ninuse!" Nikimnusa nyuma ya sikio anacheka mpaka anakaa chini. Anasimama, anakimbia tena, anarudi. "Mama, ninuse!" Hiyo ndiyo sentensi yake ya Kiswahili aliyoisema vizuri kuliko zote. Kisha akaanza shule, Kiingereza kikaingia nyumbani kwangu bila hata kuvua viatu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila jibu linatoka kwa Kiingereza. Umekula? *Yes.* Unatoka? *Yeah.* Miaka ishirini ya hivyo, nikazoea. Watoto wa wenzangu ndivyo walivyo.

Basi siku moja nimerudi kazini, miguu inaniwaka, nafungua mlango nasikia mtu anazungumza Kiswahili sebuleni. Sauti ya binti yangu! Nikasimama palepale kwenye zulia la mlangoni na koti langu. Anasimulia kisa cha kazini kwake, kirefu, na maneno yote ya Kiswahili, anakosea, anajirekebisha, anaendelea. Nikachungulia. Amekaa kwenye kochi langu, uso mweupe pee kwa machicha, miguu kwenye beseni langu la kuoshea mchele, na shoga yangu amepiga magoti mbele yake anamsugua visigino.

"Mama mdogo, hii inakauka," mwanangu akasema.

"Acha ikauke. Usicheke, itapasuka."

Mama mdogo! Wakacheka wote wawili, na machicha yakapasuka.

Shoga yangu Kiingereza chake cha kuombea maji. Ukitaka kuongea naye sharti uongee Kiswahili, hakuna njia nyingine, na mwanangu alitaka kuongea naye. Kumbe kosa langu lilikuwa ni kujifunza Kiingereza. Nilikisoma kwa taabu, jioni baada ya kazi, ili niweze kwenda kwenye mikutano ya shule yake nisimtie aibu, na malipo yangu ndiyo hayo. Nilisalimia, nikasema nimechoka, nikapanda chumbani nikakaa kitandani na koti langu hivyohivyo. Nililia, sitaficha.

Baada ya hapo akawa anakuja kila wiki. Analeta kopo, analitia kwenye friji yangu, anamwambia mwanangu, mie nipo naosha vyombo nasikia: "Iwekake mu frigo, mama. Haya ni mabichi bado, iko hai. Inapumua. Ukiiacha mu joto itakusumbua. Ukitaka kupaka, ndiyo unapika." Nami nikafyonya kimoyomoyo. Machicha yanapumua! Nikasema huyu naye sasa amekuwa daktari.

Mwaka jana mwanangu akaposwa. Kijana mzuri, wazazi waungwana, sina neno. Niliposikia tu tarehe nikalitoa lile bati langu la biskuti juu ya kabati.

Humo ndani mlikuwa na singo yake. Tangu alipofikisha miaka kumi na sita nilikuwa nadunduliza. Kila anayekwenda Unguja namwagiza, kila anayerudi nampokea. Asumini alizokausha mamangu mwenyewe kabla hajafa, zimo. Waridi zimo. Liwa ya kusaga mwenyewe, si ya kununua imesagwa. Kwetu mama hamsingi bintiye, ni aibu. Kumsinga na kumfunda ni kazi ya somo, mwanamke mwingine mtu mzima, na anafungiwa naye chumbani siku kadhaa kabla ya harusi. Mama anatwanga singo, anaipitisha mlangoni, anakaa nje. Mamangu alikaa nje ya mlango wangu hivyo, na mie ndani niliijua mikono yake kwa ile harufu. Kwa hiyo singo ndiyo mkono wa mama. Hiyo ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kumgusa mwanangu kabla hajaondoka, na niliisubiri miaka yote ile.

Akaja jikoni, akaliona bati, akakaa. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole, mwanangu si mkorofi, kwamba anamtaka mama mdogo ndiye awe somo wake. Na kwamba angependa zaidi yale machicha. Singo inamwasha ngozi, alisema, tangu utotoni inamwasha kidogo, hakutaka kuniambia.

Mori ukanipanda. "Pombe hiyo!" nikamwambia. "Utaingia kwenye ndoa yako umepakwa pombe? Haramu kabisa! Mamangu atageuka kaburini!"

Akasema yanapikwa, pombe inatoka yote, na amekwisha kuuliza kwa mtu anayejua. Kisha akasema, bado kwa upole, kwamba ile chupa ya manukato iliyo kwenye droo yangu ina spiriti, imeandikwa nyuma.

Na ni kweli imeandikwa. Na wallahi si dini iliyoniumiza siku ile. Dini niliiokota tu kama fimbo kwa sababu ilikuwa karibu. Nilipoona haikumchapa mwanangu, nikaipeleka kwa mwenzangu. Nikampigia simu shoga yangu, yuko kazini, nasikia maji yanatiririka nyuma yake. Nikamwambia, "Usiniletee tena uchafu wako nyumbani kwangu. Umeniharibia mtoto."

Hakucheka. Akasema, "Sawa, dada," akakata.

Wiki mbili hakuja. Mwanangu naye akaninunia, na kwa Kiingereza akaniambia neno moja lililonimaliza: kama mama mdogo haji, yeye hasingwi kabisa. Atakwenda saluni kama wasichana wengine, mambo yaishe.

Saluni! Nikaona vyote vinanitoka, mtoto na singo. Nikasalimu amri. Nikamwambia, haya, mwite aje, awe somo wako. Ila utakachopakwa ni singo yangu, nitaipunguza makali, na machicha siyataki. Akakubali. Akanikumbatia hata. Tukapatana shoga yangu aje Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi, waanze.

Ningetulia hapo ningekuwa na akili. Lakini usingizi ulikataa kuja. Nikawaza: mikono ni ya yule, chumba ni chao wawili, singo ndiyo yangu tu. Je, wakimaliza siku saba na ngozi ya mwanangu haikung'aa kama ilivyong'aa kwa machicha? Atanilinganisha. Hatasema, ana adabu, ila moyoni atasema mama mdogo angeniweka vizuri zaidi. Wazo hilo lilinitafuna siku nzima nikiwa kazini, nikamvisha mzee mmoja sweta nyuma mbele.

Jumanne nikarudi mapema, nyumba tupu. Nikafungua friji. Kopo lake la mwisho lilikuwa bado nyuma ya mtindi, lile lililobaki kabla sijapiga simu, machicha mabichi yasiyopikwa. Nikachukua kijiko. Nikachota kimoja. Nikatazama mlangoni kama mwizi, nyumbani kwangu mwenyewe, friji yangu mwenyewe. Nikachota vingine, nikasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko isijulikane.

Nilikuwa nimepanga kutia kidogo tu. Lakini wivu hauna kidogo. Nikamimina bati lote la singo kwenye sinia, asumini za mamangu, waridi, yote, nikaacha vumbi tu kwenye pembe za bati. Nikatia machicha, maji ya marashi, unga wa mchele, asali ya kulainisha ili isimwashe. Nikakanda. Ikawa laini ajabu. Nikacheka peke yangu jikoni. Atang'aa, nikasema, atang'aa kuliko alivyowahi kung'aa, na nitamwambia: umeona singo ya kwetu?

Singo ikishakandwa haipakwi siku hiyohiyo. Inafunikwa vizuri, inawekwa pahala pa joto, inakaa siku tatu nne ishike harufu. Mamangu aliiweka jikoni karibu na mafiga. London mafiga hakuna, mie siku zote naiweka kwenye kabati la boila, lile tangi la maji ya moto ya nyumba, juu kwenye ngazi, pale ninapohifadhi mashuka. Nimeiweka humo miaka yote na haijawahi kunitia aibu. Basi nikaijaza kwenye chupa kubwa ya achari, ile yenye kifuniko cha kukaza, nikakaza kwa nguvu zangu zote harufu isitoke, nikaisukuma katikati ya mashuka meupe ya harusi. Wala yale maneno ya "iko hai" hayakunipitia kichwani. Niliyasikia, ila nilikuwa nimeyafyonya.

Jumamosi akaja. Amevaa kitenge chake kizuri, amebeba begi dogo. Tukasalimiana kama watu wa ofisini. Nikamkaribisha jikoni, nikamimina chai, hakuna aliyegusa mkate. Mwanangu anatutazama mmoja mmoja. Nikasema singo iko tayari, nimeiweka juu, namaliza chai nikailete.

Kabla sijamaliza, nyumba ikalia.

Pu! Kitu kikagonga mbao, kisha kioo kikavunjika, kisha ukimya. Mwanangu akapiga kelele. Tulikimbia ngazini wote watatu. Mlango wa kabati la boila ulikuwa umefunguka wenyewe. Kifuniko kilikuwa kwenye zulia. Chupa imepasuka vipande viwili, na singo imeruka mpaka darini, kwenye bomba, kwenye mashuka, inashuka taratibu ukutani na bado inatoa mapovu. Na harufu sasa! Asumini ilikuwepo mbali huko chini. Juu yake ilikuwa pombe. Nyumba yangu, mimi niliyesema haramu, inanuka kama baa.

Shoga yangu akachovya kidole ukutani. Akanusa. Akakitazama kile kidole na punje zake nyeupe, akanitazama mimi. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Uliiweka mu joto," akasema. "Na asali."

"Ndiyo."

"Nilisemaka iko hai."

Mwanangu alikuwa ameshateremka jikoni. Tukasikia friji inafunguliwa, inafungwa. Akapanda tena na kopo la machicha mkononi. Akalifungua, limepungua nusu. Alinitazama tu. Uso ukanishuka, sikujua niuweke wapi.

"Niliona wivu," nikasema. Ilinitoka tu. "Mikono yako. Ngozi yako. Anavyoongea na wewe. Anakuita mama. Mimi haongei na mimi hivyo. Nikasema nikitia machicha yako kwenye singo yangu atapendeza, na sifa itakuwa yangu."

"Najua wivu," shoga yangu akajibu. "Siku ya simu nilijua ni wivu. Lakini uliniita uchafu. Ile iliniuma, dada. Mimi nilimsugua mtoto wako miguu kama wangu, ukaniita uchafu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo tuna kazi."

Akakunja mikono ya kitenge, akaanza kuvua mashuka kabatini. Tulisafisha, yeye, mie na mwanangu. Kanga ya mamangu, ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni chini kabisa, ndiyo pekee iliyosalimika. Singo hakuna cha kuokoa, ilikuwa na vioo ndani. Niliizoa kwa beleshi la takataka, asumini za mamangu na zote, nikaimwaga kwenye pipa lilelile nililotupia kopo la kwanza. Hapo nililia kwa sauti, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa haki yao.

Tukashuka jikoni. Shoga yangu akachukua sufuria yangu bila kuomba, akatia machicha yaliyobaki, akakoroga kwenye moto mdogo, akiimba wimbo wa kanisani kwao. Mvuke ukapanda, ukali ukaisha, ikabaki harufu ya mchele mtamu. Akachuja. Hakuniangalia.

Mie nikalichukua bati. Nikaligonga pembe zake kwa kijiko. Nikapata vumbi la liwa, dalia kidogo, na asumini tatu zilizonasa kwenye mkunjo wa bati. Nikavitwanga kwa matone mawili ya marashi. Ikatoka singo ya kujaa ukucha wa dole gumba. Miaka yangu yote ya kudunduliza, ikaenea kwenye kisahani cha kikombe na nafasi ikabaki.

"Hii nitaipaka wapi?" shoga yangu akauliza.

"Popote," nikasema. "Isimwashe tu."

Wakapanda, wakafunga mlango. Nikapanda nyuma yao na kukaa kwenye ngazi, kama mamangu alivyokaa, mgongo kwenye ukuta uliokuwa bado una unyevu. Nikasikia maji. Nikasikia sauti ya shoga yangu chini chini, inafunda, maneno ya ndani ambayo mama hatakiwi kuyasikia. Nikasikia mwanangu anauliza kitu kwa Kiswahili, kisha wote wawili wakacheka, kicheko kirefu. Nisiseme uongo, wivu haukuisha. Ulikaa na mimi palepale kwenye ngazi. Nilitaka kufungua mlango ule niseme tokeni, nirudishieni. Nilibana magoti yangu kwa mikono yangu mikavu, nikakaa.

Sijui muda gani ulipita. Mlango ukafunguka kidogo.

"Mama!"

Nikasimama.

"Mama, njoo uninuse."

Amesimama mlangoni amejifunga kanga ya bibi yake, mabega wazi, anang'aa kama taa. Nikamsogelea. Nikamnusa shavu, mchele. Bega, mchele. Mkono, mchele mtupu, kazi ya mwenzangu kutoka kidole mpaka kiwiko. Roho ikaniuma upya, na lazima ilionekana usoni, maana aliinamisha kichwa, akazishika nywele zake akaziweka upande, akanigeuzia shingo.

Nyuma ya sikio palikuwa na doa la njano. Asumini.

"Nilimwambia aiweke hapa," mwanangu akasema. "Hapa ndiyo ulikuwa unaninusaka."

Kiswahili cha Bukavu kitupu. Sikumsahihisha. Niliinama, nikanusa.